Mfinyanzi Hajulikani

Kasulu, 3 Machi 2025

Kaka yangu Stanislaus,

Bwana Yesu asifiwe. Nilifika salama, ingawa mvua ilitushika Makere na basi likatambaa mpaka hapa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako ukiipokea unaifungulia sauti na nyumba nzima inasikia, na hili la leo ni lako peke yako. Kondakta wa basi la Kibondo ameahidi kukufikishia mkononi.

Wamenipa chumba nyuma ya jumba la makumbusho, na banda la kufanyia kazi. Miezi mitatu na nusu nitakula na kulala hapa, kazi yangu ni kufinyanga tu, na mwishoni wataviweka vyungu vyangu ukumbini watu waje kuvitazama. Wananiita msanii mkaazi. Jina hilo bado linanipwaya. Udongo wanauleta kutoka bondeni, mweusi, unanata vizuri. Siku ya kwanza nilipoukanda machozi yalinitoka, nikajisingizia moshi wa jikoni.

Msimamizi wetu ni Bi Asmahani, mtu wa Ujiji, mpole lakini anauliza sana. Siku ya pili alisimama akiangalia ninavyopandisha chungu kwa mizingo ya udongo, duara juu ya duara, akaniuliza, "Dorcas, nani alikufundisha?" Nikasema chuo cha ufundi. Akasema, "Chuoni si wanatumia gurudumu?" Nikachota udongo mwingine, akaniacha.

Jana akanipeleka ghalani kunionyesha vitu vya zamani. Kaka, kwenye rafu ya chini kuna chungu cha kupikia, kikubwa, kimeungua upande mmoja. Kikaratasi chake kimeandikwa: "Chungu. Munanila, 1984. Mfinyanzi hajulikani." Chini ya mdomo kina alama tatu za dole gumba.

Ni chungu cha Mama. Mwaka ule nilikuwa na miaka minne, lakini baadaye, kabla hatujahama, nilikaa sana karibu yake akifinyanga, na zile alama nazikumbuka. Nilitoka nje nikasema nahitaji hewa.

Sikusema neno, kwa sababu unazozijua. Lakini nakuomba umuulize Mama, taratibu, mkiwa wawili tu, kama anakikumbuka. Wanakitunza kama yai, Kaka, na hawajui ni cha nani.

Msalimie Prudence, mwambie shangazi yake anamletea kitambaa.

Mdogo wako,
Dorcas


Kibondo, 9 Machi 2025

Mdogo wangu mpendwa Dorcas,

Amani ya Kristo iwe nawe. Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama, nje ya kanisa. Tunamshukuru Mungu kwa heshima uliyopewa. Jumapili nimeitangaza, watu wakapiga makofi.

Kuhusu uliloniomba: Mama nimemuuliza. Anasema hakumbuki chungu chochote. Unajua umri umeenda na macho yamekwisha. Tusimchoshe.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza mkubwa wako. Baba alipotutoa Munanila mwaka 1988 tuliingia Kibondo tukijiita wakulima, watu wa kutoka Burundi kama wengine wengi. Hakuna aliyetuuliza zaidi na sisi hatukusema zaidi. Mama akaacha udongo. Wewe ukaenda chuo, ukarudi na vyungu vya maua vya kuuza maofisini, nikakubali, kwa kuwa kila mtu anaona huo ni ufundi wa shule. Huyo mama akikuuliza tena, mjibu vilevile: chuoni.

Prudence anaolewa mwezi wa saba. Venanti ni kijana safi, na baba yake, Mzee Kipriani, ni mtu ambaye hapa hata mkuu wa wilaya humwinukia kwa heshima. Naomba usimfungulie mwanangu mlango ambao Baba aliufunga kwa taabu.

Kila jioni tunakuombea.

Kaka yako,
Stanislaus Niyongabo, Mwinjilisti


Kasulu, 17 Machi 2025

Kaka Stanislaus,

Nimekusikia. Bi Asmahani anaandaa kikaratasi cha kukaa kando ya kazi zangu, na nimemwambia aandike kwamba nilijifunza chuoni. Nimefanya hivyo kwa ajili ya Prudence. Lakini tangu siku hiyo vyungu vinanipasukia. Vitatu vimekatika kabla hata havijaenda kwenye moto.

Niruhusu niandike yale tusiyoyasema. Sisi ni Watwa, Kaka. Ndiyo maana Mama alifinyanga, na mama yake, na bibi yake. Na ndiyo maana tulihama. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa kipofu. Unakumbuka matanga ya yule jirani pale Munanila? Wanaume walikuwa wakipokezana kibuyu kimoja cha pombe. Baba alipofikiwa, kibuyu kikamruka. Akaambiwa akunje jani la mgomba, akamiminiwa humo. Alikunywa akainama ili wasimwone uso. Na ugali uliokuwa unaliwa pale, na maharage, vilikuwa vimepikwa kwenye vyungu vya Mama. Vyungu vyetu walivitaka, midomo yetu hapana.

Sikulaumu kwa kuficha. Na mimi nimeficha miaka yote hii, hata marehemu mume wangu sikumwambia. Lakini kuna jambo moja linanikera. Umeandika kwamba Mama hakumbuki. Mama huyu huyu ambaye hadi leo anataja jina la kila mbuzi aliyewahi kumfuga? Ulimuuliza kweli?

Dorcas


Kibondo, 24 Machi 2025

Dorcas,

Lile neno uliloliandika nimelikata kwa wembe kwenye barua yako na kulitia motoni. Usiliandike tena kwenye karatasi inayokuja nyumbani kwangu.

Mimi ndiye niliyebaki na wazazi. Mimi ndiye niliyemzika Baba. Nilipofika hapa kanisani nilikuwa nafagia tu, leo nasimama madhabahuni, na sikufika pale kwa kuongea ovyo. Ukitoa siri hii, harusini usije.

Stanislaus


Kibondo, 6 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo.

Ni mimi Prudence. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Nilikuwa natafuta kitabu cha nyimbo kwenye mkoba wa Baba nikakuta barua zako mbili, moja ina tundu katikati. Nilizisoma. Najua ni makosa. Kisha nikafanya kosa la pili, nikamsomea Bibi.

Baba hakumuuliza kitu, Shangazi. Bibi alikuwa hajui kabisa kama kuna chungu. Nilipofika kwenye zile alama za dole alinishika mkono akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu. Kisha akaniambia lile neno lililokatwa, yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la kijiji chao.

Anataka niandike maneno yake, naandika kama anavyoyasema:

"Mwana wanje, mwanangu Dorcas. Mimi mama yako Marguerite bado nina akili zangu. Nimekaa nyumba hii miaka mingi mikono imekunjwa, wanasema Bibi apumzike. Sikuchoka. Nilinyamaza kwa sababu baba yenu aliomba, na yeye alikuwa ameaibishwa sana. Sasa amekufa, simkosei tena. Hicho chungu nataka nikione. Macho hakuna, nitakiona kwa mikono. Usimtukane kaka yako. Ana kidonda ambacho hukijui. Basi."

Shangazi, nimekaa na jambo hili siku nne bila kula vizuri. Jana nikamwambia Venanti. Sikutaka kuingia kwao nikiwa na kitu kifuani. Akasema, "Mbona hufanani nao?" Nikamuuliza, "Hao akina nani?" Akasema ataongea na baba yake.

Mwisho wa mwezi namleta Bibi. Baba tutamwambia tunakwenda kupima macho, na kweli tutayapima.

Wako,
Prudence


Kasulu, 29 Aprili 2025

Kaka,

Mama alikuwa hapa jana na juzi. Usimgombeze Prudence, au kama lazima ugombe, gombana na mimi. Macho yake yamepimwa, daktari anasema moja linaweza kufanyiwa kitu.

Nataka ujue ilivyokuwa. Bi Asmahani alitandika kitambaa mezani, akakileta chungu mwenyewe amekipakata. Mama akanawa mikono, akaketi. Aliupapasa mdomo wa chungu polepole, akateremka tumboni, akafika kwenye zile alama. Akaweka dole gumba lake kwenye moja. Halikuenea. Akajaribu ya pili. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo ili nisilie.

Akasema, "Siyo changu."

Nikamwambia, "Mama, alama tatu hizi hapa."

"Tatu ni za Ininahazwe. Mimi nilikuwa naweka mbili. Tulichimba udongo pamoja na kuchoma kwenye moto mmoja, ndiyo maana kila mtu alikuwa na alama yake. Wewe ulikuwa mtoto, ulituchanganya." Kisha akacheka kidogo. "Dole lake lilikuwa dogo, alikuwa mtu mfupi. Alikufa kwa uzazi. Hakuacha mtu."

Bi Asmahani akauliza taratibu kama kuna popote panapoweza kupatikana chungu chake yeye. Mama akasema, "Hapana. Vyangu vya mwisho vilivunjwa. Kumi na vinne, siku moja kabla ya soko."

"Nani alivunja, Mama?" nikauliza.

"Ni mambo ya nyumbani kwangu."

Stanislaus, mimi niliambiwa vilivunjika tulipohama, lori lilipotumbukia mtaroni. Wewe ndiye uliyeniambia. Nilikuwa na miaka minane na niliamini mpaka jana. Sasa nakuuliza.

Na jambo jingine. Kabla hajaondoka, Mama alimwambia Bi Asmahani aondoe maneno "hajulikani" aandike jina la Ininahazwe, na aandike pia alikuwa mtu wa kabila gani, kwa sababu bila hilo watu hawataelewa kwa nini hakuulizwa jina tangu mwanzo. Alitaja jina la mwenzake aliyekufa, asiye na mtoto wala mjukuu wa kumlilia, wakati mimi nilikuwa naogopa kutaja la kwangu. Siku hiyo hiyo nilimweleza Bi Asmahani yote. Nimefuta lile la chuoni.

Nasubiri jibu lako.

Dorcas


Kibondo, 11 Mei 2025

Dorcas,

Barua hii nimeianza mara nne.

Ni mimi niliyevunja vyungu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kulikuwa na binti ng'ambo ya mto, jina lake sitalitaja, ni bibi wa watu sasa. Nilikwenda kwao kusalimia, nimevaa shati la kuazima. Baba yake hakuwepo. Yule binti alinitandikia mkeka nikaketi, tukaongea kidogo. Mama yake aliporudi alinijibu salamu vizuri. Nilipoaga, kabla sijafika hata kwenye miti ya uani, nikasikia kitu nyuma yangu. Nikageuka. Yule mama alikuwa ameubeba mkeka kwa ncha za vidole na anautupa jalalani. Aliniona nikimwona, na hakuona aibu.

Nilifika nyumbani, Mama ameenda mtoni. Vyungu vilikuwa vimepangwa ukutani tayari kwa soko. Nilichukua mpini wa jembe. Sikuacha hata kimoja. Nilikuwa nasema, kwa sababu yenu, kwa sababu yenu, kana kwamba ni watu. Mama akatokea na ndoo kichwani. Alisimama akanitazama mpaka nikachoka. Akatua maji. Akaleta kikapu akaanza kuokota vigae. Jioni alimwambia Baba mbuzi walikata kamba. Hajawahi kuniambia neno juu yake, hata moja. Mwezi uliofuata tukahama, na tangu tufike hapa hakushika udongo, na mimi nilijua kwa nini, nikaita hiyo ni amani.

Mzee Kipriani alikuja juzi na wazee wawili. Nilileta viti, wakakataa kuketi. Alisema harusi haipo. Hakusema sababu, alisema tu, "Mwinjilisti, ungetuambia." Venanti alikuja kesho yake peke yake, akaongea na Prudence mlangoni. Anasema atangoja mpaka baba yake alegee. Prudence alimwambia asingoje, akarudi ndani akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kutaka kumpiga. Nilipoona mgongo wake pale kwenye karai nikashindwa.

Usiku ule nilimpigia Mama magoti. Nilimwambia, "Nisamehe vyungu." Akaniuliza, "Vyungu vipi?" Nikasema vile kumi na vinne. Akasema, "Nilijua utakuja. Sikujua kama nitakuwa hai." Kisha akasema ana njaa, nikampashia uji.

Sijui nitasimamaje tena mbele ya watu.

Stanislaus


Kasulu, 20 Mei 2025

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimekasirika, na nimekuhurumia, na sijui lipi limetangulia. Kwa miaka yote nimekuwa nikidhani unamwonea Mama haya, kumbe unajionea wewe mwenyewe.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi tarehe 14 Juni. Nimefinyanga vyungu kumi na kimoja, na vyote vimetoka motoni salama. Kikaratasi changu kinasema: "Dorcas Niyonsaba, Mtwa, mzaliwa wa Munanila. Alifundishwa na mama yake, Marguerite." Kile chungu cha ghalani kitakaa mwanzoni kabisa, na jina la Ininahazwe juu yake.

Prudence ameniambia anakuja. Mwezi huu Mama asisafiri, amepata kikohozi. Ukija nitafurahi. Usipoweza, sitakudai.

Dorcas


Kibondo, 16 Juni 2025

Mdogo wangu Dorcas,

Prudence amenisimulia yote. Anasema watu walijaa, na kuna bwana mmoja aliyesoma karatasi yako akatoka, na wengine waliosoma wakabaki.

Sikuja. Jumamosi asubuhi nilivaa suti nikafika mpaka stendi. Basi lilipiga honi, kondakta akaniita kwa jina, nikashindwa kupanda. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jana Jumapili zamu ya mahubiri ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu juu ya mwana mpotevu. Nilipofungua, herufi zikanikimbia. Watu wakakohoa. Mzee Kipriani alikuwa mstari wa mbele, mahali pake. Nikazikunja zile karatasi nikasema:

"Ndugu zangu, mama yangu alikuwa mfinyanzi. Sisi ni Watwa. Nimewaficha miaka thelathini na saba. Na kabla ya hapo, kwa mikono hii ninayowaombea nayo, nilivunja kazi yote ya mama yangu kwa sababu nilimwonea haya. Kama kuna asiyetaka niendelee kusimama hapa, ana haki yake, lakini asiseme hakuambiwa."

Hakuna aliyejibu amina. Nilisikia mvua ya kiangazi, ile ya dakika mbili, ikipita juu ya bati. Mzee Kipriani akainuka, akatoka, na watu kama kumi wakamfuata. Nilimwona Mama amekaa wima, amenielekezea sikio.

Ndipo akasimama Mama Niyomwungere. Unamfahamu, yule anayeuza maharage karibu na mlango wa soko, mkewe Rodrigue fundi baiskeli. Huwa haongei, hata kwenye vikundi vya maombi anatikisa kichwa tu. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Akasema, "Na mimi, Mwinjilisti." Akaketi.

Rodrigue alikuwa kando yake. Sijawahi kuona mtu akimtazama mkewe vile.

Mchana walikuja nyumbani. Yeye akaingia moja kwa moja kwa Mama, wakaanza kuongea Kirundi kile cha zamani ambacho mimi nakifuata kwa taabu. Walitajiana mabonde na watu. Rodrigue hakuingia. Alibaki uani, amesimama tu. Nikampelekea kigoda, nami nikaketi chini kwenye jiwe.

Akaniuliza, "Wewe ulimwambia nani kwanza?"

Nikamjibu ukweli. "Sikumwambia mtu. Nilingoja mpaka nikakosa pa kukimbilia."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Nimezaa naye watoto sita. Miaka thelathini analala kitandani kwangu, kumbe ananiogopa."

Nadhani hakuwa ananiuliza. Alikaa kidogo, akajipangusa uso kwa kofia, akavua viatu mlangoni akaingia. Nilichungulia. Wale wanawake walikuwa wamenyamaza wakimngoja. Akaketi chini karibu na mkewe, akamwambia, "Endeleeni. Nataka kusikia."

Wakaendelea, safari hii kwa Kiswahili, ili naye afuate.

Kikohozi cha Mama kimepungua. Jumatano tunakuja naye. Utungoje stendi.

Kaka yako,
Stanislaus